Walituambia Alilala

Foa, Ha'apai, Tonga
12 Februari 2023

Sosaia mdogo wangu,

Tumeshamzika. Nakuandikia kwa sababu simu hapa kisiwani bado ni ya kubahatisha, na hata ikishika, nyumba yangu imejaa watu wa msiba wenye masikio. Halafu mimi na wewe kwenye simu tunajuana. "Ndiyo dada." "Hapana dada." Kikohozi. Basi. Umelelewa usikae chumba kimoja na dada yako, na sikulaumu, ndivyo tulivyofunzwa. Ngoja basi nikae nawe kwenye karatasi.

Mume wangu amerudi kwenye sanduku na wewe hukuwa nyuma yake. Mliondoka wawili. Mlivaa mashati yanayofanana kama mapacha wazee, nikawacheka pale bandarini. Sasa watu wananiuliza, "Kaka yako yuko wapi?" nami nawajibu yuko kazini, kazi haimruhusu. Kazi gani hiyo isiyomruhusu mtu kumzika shemeji yake? Nimevaa mkeka wa msiba unaonifunika mpaka masikio, na ndani yake nina hasira na wewe. Nakwambia ukweli.

Ashukuriwe Mjomba Molitoni. Yeye ndiye aliyewaandikisha nyote kwenye hiyo kazi, na kwenye msiba hakukaa pembeni. Alikwenda mwenyewe mji mkuu, Nuku'alofa, kuupokea mwili. Alibeba jeneza upande wa kichwa. Alilia, Sosaia, alilia kuliko mimi, mpaka wanawake wakamshika. Nguruwe, viazi vikuu, mikeka, kila kitu kilipita mikononi mwake, na kampuni ilituma shada kubwa la maua. Jumapili nilisimama kanisani nikamshukuru yeye na kampuni kwa jinsi walivyomtunza Kitione. Watu walinipiga video. Mjomba alisema ataituma huko ili wakubwa wenu wajue sisi ni watu wa shukrani.

Wametuambia alilala mchana baada ya kazi, na moyo ukasimama. Nataka wewe uniambie. Alikula siku hiyo? Alisema nini mara ya mwisho?

Dada yako,
Toakase


Karibu na Bundaberg, Queensland, Australia
3 Machi 2023

Dada yangu Toakase,

Kabla hujaendelea kusoma, toka hapo ulipo. Nenda mahali pasipo na mtu, ukae chini. Tafadhali.

Kitione hakulala.

Alianguka kazini, mchana, ndani ya nyumba ya plastiki tunamochuma nyanya. Mimi nilikuwa mstari wa pili kutoka kwake. Januari huku ndani ya zile nyumba ni kama umeingia kwenye tanuri la shimoni kabla mawe hayajapoa. Tangu asubuhi alikuwa anasema kichwa kinamgonga. Akamwendea msimamizi wetu, Darryl, akaomba akae kidogo nje. Darryl akamwambia, "Anayetaka kupumzika akapumzike Tonga." Kitione akacheka. Unamjua. Akasema, "Haya bosi, nitapumzika Jumapili," akarudi kwenye nyanya.

Baadaye nikaona hatoki tena jasho. Ngozi kavu kabisa. Akaanza kuniita kwa jina la marehemu baba yake. Nikamwambia, "Kitione, ni mimi, Sosaia." Akanitazama kwa heshima, akasema, "Ndiyo baba, nakuja." Halafu akaanguka kati ya mistari.

Tulimbeba nje, mimi na Penisimani. Darryl alitoka na simu sikioni, akasimama mbali akaongea. Nilidhani anaita gari la wagonjwa. Aliporudi akasema, "Msaada uko njiani, mpelekeni chumbani akajilaze." Tukamlaza kitandani kwake. Tulingoja, dada. Gari halikutokea. Nikamfuata Darryl nikamwambia anapumua vibaya. Akasema nitulie. Gari lilipokuja kufika, alikuwa ameshakata roho. Daktari akaambiwa amekutwa kitandani, na kwamba moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu nyumbani.

Siku uliponipigia, mtu wa kampuni alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Na hata kama asingekuwapo, mimi ningeanzaje kumwambia dada yangu kwa mdomo namna mwili wa mumewe ulivyokuwa? Niliomba nimsindikize. Nikaambiwa atakayeondoka kabla ya mkataba kwisha harudi tena, yeye wala ndugu zake. Nikabaki, lakini sikubaki kimya. Nimepeleka malalamiko kwenye ofisi ya usalama kazini. Tunasaidiwa na mama mmoja Mfiji wa chama cha wafanyakazi, anaitwa Litia. Anasema haki ya kulalamika ni ya kila anayefanya kazi kwenye ardhi hii, hata kama jina lake hawawezi kulitamka. Penisimani na wengine wanne wamekubali kuwa mashahidi. Kampuni haijajua bado.

Usimwambie mtu. Mtu yeyote, dada.

Swali lako: alikula. Mkate na samaki wa kopo, na akanipa nusu.

Sosaia


Foa
25 Machi 2023

Sosaia,

Mwandiko huu ni mbaya, utasoma hivyo hivyo.

Sikutoka nje kama ulivyosema. Nilidhani unanitania. Nikaisomea barua jikoni, na nilipofika pale alipokuita baba, nikapiga ukelele ambao sikujua ni wangu. Nilidhani ni mtu mwingine ameingia ndani.

Moyo mgonjwa! Moyo wa Kitione! Mtu aliyekuwa anabeba nguruwe dume begani kutoka shambani huku anaimba! Nani aliwaambia moyo wake mgonjwa? Mimi mkewe sijui, wamejua wao?

Na mimi nilisimama kanisani. Niliwashukuru, Sosaia. Nilisema "kwa jinsi mlivyomtunza." Maneno hayo yananirudia nikiwa nakula, nikifua, nikisali. Mlivyomtunza.

Sasa sikiliza, usinikasirikie. Uliniambia nisimwambie mtu, na sikumwambia mtu. Lakini Mjomba Molitoni alikuwa anapita barabarani nilipopiga kelele, akaingia mbio. "Nini, mwanangu?" Sikuweza kusema. Nikampa barua. Mjomba si mtu, mjomba ni mjomba. Aliisoma amesimama, halafu akakaa, akaisoma tena. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi. Akaniuliza, "Hao mashahidi wengine ni nani?" Nikamwambia Penisimani ninamjua, hao wanne bila shaka ni vijana wetu wa hapa hapa. Akanishika mkono akasema, "Niachie mimi."

Nikapumua. Yeye anawajua wakubwa wa huko, ana namba zao. Kama yuko mtu wa kuwasimamia, ni yeye. Sasa hauko peke yako.

Toakase


Bundaberg
14 Aprili 2023

Dada,

Ulimpa mjomba barua.

Nimekaa na sentensi hiyo tangu jana na siwezi kuipita.

Hata kabla barua yako haijafika, mambo yalikuwa yameshapasuka huku. Asubuhi moja Darryl alisoma majina yetu sita mbele ya watu wote, mmoja mmoja, kama anaita watoto watukutu. Mimi nikahamishiwa kwenye banda la kuosha makreti, peke yangu, marufuku kuongea na wenzangu wakati wa kazi. Wale wengine walianza kupigiwa simu kutoka nyumbani. Mama yake huyu, mke wa yule, mchungaji. Kila mmoja akiambiwa maneno yale yale: malalamiko yakiendelea, kijiji chetu kinafutwa, hakuna kijana wa Foa atakayepanda ndege tena. Wanne walifuta ushahidi wao siku moja. Penisimani alikuja kuniambia naye anajitoa, akiwa analia. "Mama amesema atanilaani, Sosaia. Unataka nifanyeje?"

Halafu Litia alinipigia. Kampuni imepeleka video kwenye ofisi ya usalama. Ni wewe, dada, umevaa mkeka wa msiba, unawashukuru. Wameitafsiri vizuri kabisa. Wamesema, "Mjane mwenyewe ameridhika. Anayelalamika ni shemeji tu, anatafuta sababu ya kubaki Australia."

Nilikuwa najiuliza kampuni imejuaje. Nilimshuku Penisimani. Mungu anisamehe, nilimshuku Penisimani.

Sosaia


Foa
6 Mei 2023

Mdogo wangu,

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda kwa mjomba bila hata kubadili nguo. Alikuwa na wazee wenzake, wanakunywa kava. Mwanamke haingii pale. Niliingia.

"Mjomba, uliwapigia simu mama za wale vijana?"

"Toakase, mwanangu, kaa nje kwanza, tutaongea."

"Nijibu hapa hapa walipo wenzako."

Akaweka kikombe chini. "Niliwapigia. Nani mwingine angewapigia? Paa la kanisa limetoka wapi? Ada za watoto? Hiyo nyumba yako mwenyewe, mabati yake yametoka wapi baada ya kimbunga? Kitione amekufa, nami nimemlilia. Unataka kijiji kizima kife naye?"

Wale wazee wote wakatazama chini. Hakuna aliyenitetea. Na kilichonitisha, Sosaia, ni kwamba kwa muda kidogo niliona ana haki.

Tangu siku hiyo nimekuwa mgonjwa wa ukoma hapa kijijini. Nikienda dukani, maongezi yanakatika. Mama yake Penisimani, niliyesuka naye mikeka tangu usichana wetu, alinigeuzia mgongo mbele ya watu. Kwenye kwaya wameweka mtu mwingine mahali pangu, wakaniambia kwa upole kabisa, "Pumzika, umefiwa."

Basi Jumapili iliyopita, mchungaji alipouliza kama yuko mwenye neno, nilisimama. Pale pale niliposimama mara ya kwanza. Nilimpa simu binti ya jirani nikamwambia nipige video na usiache hata nikianguka. Nikasema: "Mwezi wa pili niliwashukuru watu waliomtunza mume wangu. Nayarudisha maneno yale. Mume wangu aliomba kupumzika akanyimwa. Alianguka, hakuitiwa daktari. Alilazwa kitandani ili ionekane amelala. Anayetaka kunifukuza hapa kwa kusema hivi, anifukuze, lakini asiseme tena mbele yangu kwamba Kitione alilala."

Mjomba alikuwa kiti cha mbele, na alikuwa anatetemeka. Nikadhani ni hasira.

Jumatatu nikapanda meli kwenda Nuku'alofa. Nimeongea na huyo Litia wako kwa simu kutoka nyumba ya rafiki yangu. Ana maneno matamu, ameniita dada mara ya kwanza tu tulipoongea! Sasa yako malalamiko mawili mezani, lako na langu. Langu ni la mjane, na video ya pili imeshatumwa. Waitafsiri vizuri na hiyo.

Nisamehe kwa barua ile. Na mwombe Penisimani radhi, usingoje.

Toakase


Bundaberg
30 Juni 2023

Dada yangu,

Video yako ilifika kwa vijana kabla haijafika kwa wakaguzi wa ofisi ya usalama. Waliitazama chumbani wote pamoja mpaka ikaisha. Penisimani ndiye wa kwanza kusimama. Akasema, "Mimi nilimshika miguu tukimbeba. Siwezi kusema sikuishika." Wamerudi watatu. Wakaguzi wamekuja mara mbili, wametuhoji mmoja mmoja, na Litia amekaa kando yetu kama askari. Msimamizi Darryl amesimamishwa kazi wakati uchunguzi unaendelea.

Hadi hapo ni habari njema. Kuna jambo jingine, na nimechana barua mara kadhaa kwa sababu yake. Litia anasema ni haki yako ulijue kabla hujalisikia kwa watu.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunatoka ibadani, nikamwona Darryl amesimama karibu na gari lake, anavuta sigara. Nikataka kumpita. Akaniita. Sikuwahi kumwona hivyo, amekonda, hajanyoa.

Akasema, "Mnasema mimi peke yangu ndiye niliyemuua."

Nikamwambia, "Hukuita gari la wagonjwa. Nilikuona na simu."

"Nilikuwa nampigia mtu wenu! Ndiyo maagizo tuliyopewa. Mfanyakazi akiugua, mpigie kwanza mtu wao wa Tonga. Nikampigia Molitoni. Nikamwambia ameanguka, anaongea ovyo, niite gari? Akaniambia niache. Akasema ni ulevi wa kava ya jana tu, na moyo wake hauko sawa tangu zamani. Mlazeni, ataamka."

Nikamwambia ni mwongo. Akatoa simu akanionyesha jina na saa. Dada, wakati huo Kitione alikuwa bado anapumua. Mimi nilikuwa nampepea kwa kipande cha boksi.

Amewaambia wakaguzi hayo hayo. Mjomba ndiye aliyenifundisha kuogelea.

Sosaia


Foa
22 Julai 2023

Sosaia,

Nilikaa siku kadhaa bila kumwambia mtu. Safari hii kweli mtu yeyote. Nilikuwa naona mikono yake kwenye lile jeneza, upande wa kichwa. Alikuwa anajua. Alipokuwa analia mpaka wanawake wanamshika, alikuwa anajua.

Sikumfuata. Alikuja mwenyewe. Nadhani wakaguzi walishampigia. Jumamosi nikasikia mbwa wanabweka, nikatazama nje, mjomba amekaa chini kwenye vumbi mbele ya mlango wangu, amevaa mkeka uliochanika, kichwa ameinamisha. Kando yake nguruwe mzima aliyechomwa. Majirani walikuwa wameshajaa uani. Unajua desturi. Mtu mzima akikuketia hivyo, unatoka, unamfunika, unalia naye, mambo yamekwisha. Kila mtu alikuwa anangoja nitoke nilie.

Nilitoka. Sikulia.

"Ulimwambia wasiite gari?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Gari likija, na maswali yanakuja. Mwaka juzi kijiji kingine kilipata mgonjwa, wakasema watu wa pale ni dhaifu, hawakuchukuliwa tena. Nilidhani amechoka tu." Halafu akainua uso. "Nilidhani ataamka, mwanangu. Walipopiga tena kuniambia hakuamka, nilikuwa mezani nakula. Sijala chakula kikanipita vizuri tangu siku hiyo."

Mama yake Penisimani akasema kutoka nyuma, "Msamehe, Toakase. Mzee amejishusha."

Nikamwambia mjomba, wote wakisikia: "Nguruwe huyu mrudishe. Mimi ni mtoto wa dada yako. Tangu nizaliwe nina haki ya kuingia nyumbani kwako nikachukua ninachotaka, na wewe huna ruhusa ya kunikatalia. Sijawahi kuchukua hata sufuria. Leo nachukua. Nataka mdomo wako. Uupeleke Nuku'alofa, uwaambie wale wakaguzi kama ulivyoniambia mimi, neno kwa neno. Kisha urudi ukae hapa kwenye vumbi, na hapo ndipo nitajua kama ninaweza kukufunika au siwezi."

Watu walishtuka, nikasikia pumzi zao. Yeye alibaki pale jua likimpiga. Sikumpa maji, Sosaia. Nilitaka kumpa, nikashindwa. Baadaye kidogo akasimama kwa shida akaondoka, na nguruwe akamwacha pale pale. Nimewagawia mbwa.

Sijui kama atakwenda. Meli ni Jumanne.

Toakase


Bundaberg
18 Septemba 2023

Dada yangu mpendwa,

Alikwenda.

Litia alikuwapo wakati wakaguzi wanaongea naye kwa njia ya simu kutoka Nuku'alofa. Anasema mzee hakujitetea. Aliulizwa mara mbili kama anaelewa kwamba atapoteza kazi ya uwakala na huenda akashtakiwa, akajibu kwamba ameagizwa na mpwa wake aseme, na amekuja kusema. Baada ya hapo kampuni haikuwa na pa kujificha. Wamekiri mahakamani. Hati ya kifo imesahihishwa: amekufa kwa joto, kazini. Neno "moyo" halimo tena. Nimelitafuta mwenyewe.

Foa haikufutwa. Litia aliliuliza jambo hilo waziwazi, na afisa wa serikali akashangaa kabisa. Hakuna aliyewahi kusema kijiji kinafutwa kwa malalamiko. Lilikuwa neno tu, dada. Mtu mmoja alimwambia mjomba zamani ili amtishe, naye akaishi nalo, akatufanya sote tuishi nalo.

Mimi nimerudishwa kwenye nyanya na wenzangu. Wamefunga mabomba ya maji mwanzo wa kila mstari, na mafeni makubwa ukutani. Joto likipita kiwango, kengele inalia na kila mtu anatoka, hakuna wa kumwomba ruhusa. Mafundi walikuja asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamemaliza. Penisimani alifungua bomba la kwanza akasimama tu akiyatazama maji, mpaka nikamwambia afunge.

Mkataba wangu unakwisha Novemba. Nakuja nyumbani. Nitakwenda kaburini kabla sijaingia ndani.

Sosaia


Foa
9 Oktoba 2023

Sosaia mdogo wangu,

Mjomba amerudi, na amekuja tena kukaa kwenye vumbi. Amezeeka. Nimetoka nikakaa naye chini, kando yake. Kumfunika bado sijaweza. Hakuniuliza lini. Tumekaa hivyo mpaka mvua ikatuinua.

Mama yake Penisimani ameleta mkeka aliousuka mwenyewe, akauacha mlangoni akakimbia kama mwizi. Kesho nitakwenda kwake.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, nimefurahi palipo pa kufurahi. Nimemsomea Kitione kule kaburini, kwa sauti ya juu, hata waliopita barabarani wakasikia. Nilikuwa nasoma vizuri mpaka nikafika kwa wale mafundi. Hapo nilikwama. Nilirudia mstari ule nikidhani nimeusoma vibaya, na mpaka sasa siwezi kuuamini, kwa hiyo naomba unijibu haraka.

Asubuhi moja, Sosaia? Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu?

Dada yako,
Toakase